Darubini ya milioni nne na mikono ya babu

  

Wiki hii sina habari za Sinza wala za yule dada wa Kinondoni na mabwana zake wawili. Nataka kukusimulia habari ya darubini. Najua utasema, "Sasa huyu naye kaishiwa." Subiri kwanza.

Kisa kinaanza na deni. Nina mshkaji wangu mmoja, tumekua wote Magomeni, kazi yake ubaharia. Sisemi wale mabaharia wa kijiweni ambao hata Kigamboni wakivuka wanatapika. Huyu ni baharia wa kweli, anapanda meli za mizigo na kupotea miezi tisa. Mwaka 2024, mwezi wa sita, alirudi mapumziko, akaponda raha kama kawaida yao, akaishiwa, akaja kwangu kukopa laki tano. Nikampa. Kila nikimpigia simu ni "nivumilie wiki moja tu, kaka". Mwisho wa yote akaja mwenyewe na mfuko mweusi begani, akaniwekea mezani dude moja zito la macho mawili.

"Kaa na hii mpaka nikulipe," akasema. "Lakini usiichezee, siyo ya Kariakoo hiyo."

Nikajua nimeliwa. Laki tano yangu imegeuka darubini! Mimi nakaa chumba kimoja, dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, sasa niangalie nini, plasta? Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa kamera pale katikati ya jiji anitajie bei, nikiwa na nia mbaya ya kuiuza. Fundi akaigeuza, akasoma maandishi, akaniangalia usoni, halafu akaniuliza nimeiba wapi. Akanambia hiyo mpya huko nje inapita dola 1,000 za Marekani, na ukiweka usafiri na ushuru, hapa mjini unazungumzia kitu kama milioni nne. Bwana wee, nilirudi nyumbani nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Ilikuwa imeandikwa Canon, na chini yake 18x50 IS. Na hapa nikupe elimu kidogo, maana hizi namba ndizo zinazotuingiza mjini sisi watu wa mjini. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa. Kwa 18, meli iliyo kilometa 9 utaiona kana kwamba iko nusu kilometa. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, yaani mlango wa mwanga. Zile za barabarani unazoziona zimeandikwa 60x60 au 90x90 ni hadithi za kuuzia, pima mwenyewe kioo chake kwa rula, utacheka. Na hata kama ingekuwa kweli, isingekufaa. Darubini haikuzi meli peke yake, inakuza na mtetemo wa mkono wako. Ikivuta mara 18, basi na mkono wako unatikisika mara 18. Ndiyo maana mabaharia kwa miaka mingi wamekaa na darubini za 7x50. Siyo kwamba walishindwa kununua kubwa. Mara 7 ndicho kiasi ambacho binadamu aliyesimama juu ya chombo kinachoyumba anaweza kukishika kikatulia.

Sasa hizo herufi mbili za mwisho, IS, ndizo zilizofanya fundi aniite mwizi. Maana yake ni kwamba darubini inatuliza picha yenyewe. Ndani mna vihisio viwili, kimoja kinasikia kutikisika kwa juu na chini, kingine kwa kulia na kushoto. Vinapeleka habari kwa kompyuta ndogo sana, nayo inaamuru vioo vipinde mwanga kuelekea upande wa pili. Vioo vyenyewe ni sahani mbili bapa zilizounganishwa kwa kitu kinachokunjuka kama kodiani, katikati yake mmejazwa mafuta maangavu ya silikoni. Sahani zikiinama kidogo, mwanga nao unapinda kidogo, na mtikisiko unafutwa kabla haujafika jichoni. Mambo yote hayo yanafanyika mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa betri mbili ndogo kama zile za saa ya ukutani. Canon walitoa ya kwanza ya namna hii mwaka 1995, ikiwa ya mara 12. Wajerumani wa Zeiss waliwatangulia mwaka 1990 na yao ya mara 20 isiyotumia betri hata moja, vioo vya ndani vimening'inizwa vitulie vyenyewe, lakini ile ina uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu, shingo yako itajuta. Hii yangu (nimeshaanza kusema yangu!) ilikuwa kama kilo moja na robo.

Usiku ule nilipanda juu ya paa la ghorofa la rafiki yangu nikaielekeza mwezini. Kwanza mwezi ulicheza kama nzi kwenye kioo cha basi. Nikabonyeza kitufe cha juu. Mwezi ukasimama. Nakwambia ukasimama, na mashimo yake yote. Nilishusha ile kitu nikatazama kama kuna mtu kaishika kwa nyuma.

Basi, ikawa ni mwisho wa Agosti, na mama alikuwa ananisumbua tangu Mei, tangu kile kimbunga Hidaya na mvua zilizokata barabara ya Kusini. "Kamwangalie babu yako Kiswere, nasikia hatoki ndani." Babu mzaa mama anakaa Kiswere, ile ghuba iliyo kusini ya Kilwa kabla hujafika Mchinga. Na mimi nilikuwa nimesikia kwamba miezi hiyo, kuanzia Julai mpaka Novemba, nyangumi wanapita pwani yetu wakitoka kule kwenye barafu ya kusini kuja kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Nikaona nipige ndege wawili kwa jiwe moja: nimsalimie babu, nimwone nyangumi, nirudi nikujidai kijiweni.

Basi la Lindi pale Mbagala linaondoka alfajiri. Mpaka Kibiti nilikuwa nimetulia. Baada ya Daraja la Mkapa shetani akanipanda, nikaitoa ile darubini mfukoni niangalie Rufiji. Kosa kubwa! Kufika Somanga, ambako wenzangu walishuka kununua samaki wa kukaanga, darubini ilikuwa imeshazunguka basi zima. Konda kaangalia, mama mwenye kuku kaangalia, watoto watatu wamegombana. Kila mtu nilimwelekeza kitufe, kila mtu alibonyeza na kupiga kelele, "He! Imeganda!" Nilijiona bosi kweli kweli. Sikujua kwamba nilikuwa nagawa betri.

Niliposhuka barabara kuu nikachukua bodaboda, nikafika jioni nimejaa vumbi kichwani.

Bibi alinipokea kwa vifijo. "Mume wangu amekuja! Na wewe mzee sasa ukalale msikitini!" Utani wao wa siku zote. Lakini babu hakutoka barazani kunipokea. Alikuwa ndani, kakaa kitandani gizani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako hajambo?"

Nikampa mkono, na ndipo nilipojua. Mkono wake ulikuwa unatetemeka ndani ya wangu kama ndege uliyemshika. Siyo kwa baridi wala kwa njaa. Bibi alinieleza baadaye jikoni kwa sauti ya chini. Ulianza polepole miaka mitatu nyuma, sasa ni mikono yote miwili. Dawa walimpa hospitali, zinasaidia leo, kesho hapana. Kilichomtoa barazani kilikuwa ni kikombe cha kahawa. Unazijua kahawa za pwani, kikombe kidogo kama kifuniko, unakishika kwa vidole viwili na unapiga stori. Siku moja alimwagia mwenzake kanzu. Wenzake walicheka tu, siyo kwa ubaya, lakini babu hakurudi tena.

Msomaji wangu, huyu mtu alikuwa nahodha. Alipeleka majahazi ya boriti na nazi mpaka Mafia na Unguja kabla sijazaliwa. Mama alitukuza kwa hadithi zake, kwamba usiku wa kiza babu anajua yuko wapi kwa harufu ya nchi. Leo amejificha kwa sababu ya kikombe.

Asubuhi nikamvuta tupande mwinuko ulio nyuma ya nyumba, pale penye miembe mikubwa na ukuta mfupi wa mawe uliobakia wa nyumba ya zamani. Unaiona ghuba yote, mikoko upande wa ndani, na mlango wa bahari mbele. Nikaangalia mimi kwanza, nikitafuta nyangumi. Jua la asubuhi linatokea baharini, kwa hiyo nikaangalia pembeni. Nawe shika hilo: usithubutu kuelekeza darubini juani, hata mara moja, jicho halina spea.

Nyangumi hakuna. Nikamkabidhi babu.

"Durubini!" akasema, kama mabaharia wa zamani wanavyoita. Akaipokea kwa mikono miwili. Macho ya babu bado ni mazima, hicho ndicho kinachouma. Akaiweka usoni, na nikaona lile dude lote linacheza. Nikamwambia, "Bonyeza hapo juu babu, itatulia." Akabonyeza. Akakaa nayo kama dakika moja. Akanirudishia.

"Hii ya wenye mikono," akasema, akaanza kushuka.

Nikaangalia haraka. Kale kataa kadogo ka kijani kanakoonyesha kwamba mashine inafanya kazi hakakuwaka. Betri zilikuwa zimekwisha. Zilikwisha Somanga, mikononi mwa konda na mama mwenye kuku, na mimi bosi nikitabasamu. Nilijisikia vibaya, siwezi kukueleza.

Dukani palikuwa na betri kubwa za tochi, ndogo hakuna. Mpaka nilipoinua macho sebuleni kwa bibi, nikaona saa ya ukutani inatembea tik, tik. Bibi hakuuliza mengi. "Chukua mume wangu, mimi saa yangu ni adhana." Saa yenyewe ilikuwa na betri moja. Ya pili ilitoka kwenye rimoti ya jirani, ambaye sasa alilazimika kuinuka kila akitaka kubadili stesheni.

Wakati huo huo, kijiji kilikuwa kimeshapata habari zake. Siku ile ilikuwa ya bamvu, maji yamekupwa sana, akina mama wote wako mwambani wanatafuta pweza, nguo wamezifunga juu ya magoti kama inavyotakiwa. Na kule juu mlimani anaonekana kijana wa Dar kashika darubini. Unadhani walisema natazama nyangumi? Bibi alirudi kutoka kisimani amekasirika na anacheka kwa pamoja. "Wanasema mjukuu wangu kaja kuhesabu mapaja." Mama mmoja akaja mpaka mlangoni, mkononi ana mchokoo wa pweza. Ikabidi nitoke, nimpe aangalie mwenyewe, aone kwamba ukitazama karibu sana huoni kitu isipokuwa ukungu. Uongo mtupu, ukizungusha kile kigurudumu unaona vizuri, lakini ndio kujitetea.

Alasiri nikamwomba babu tena. Akakataa. Bibi akamwambia neno moja kwa Kimachinga ambalo sikulielewa, babu akainuka.

Safari hii nilimkalisha juu ya mkeka nyuma ya ukuta, viwiko vyake vikae juu ya mawe. Nikaweka mkanda shingoni mwake. Nikahakikisha taa ya kijani inawaka. Ile darubini iliendelea kucheza mikononi mwake, niliiona kwa macho yangu. Lakini uso wa babu ulitulia.

Hakusema kitu. Nikadhani imegoma tena. Kisha akaanza kutaja. Ile mashua inayotoka ni ya fulani, tanga lina kiraka cha turubai. Wale wa ngalawa wamepata kidogo, inaelea juu juu. Yule mtoto anayeshika usukani anauvuta mno. Alikaa pale mpaka mkono wangu mimi niliyekaa bure ukafa ganzi. Sikupata zamu tena, na kuhusu nyangumi nikakata tamaa.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike.

Binamu yangu na wenzake watatu walitoka alfajiri na mashua ya tanga. Kawaida wanarudi saa nane, saa tisa. Saa kumi hawajaonekana. Kusi ya Agosti ilikuwa inavuma tangu adhuhuri, mawimbi meupe mpaka nje kabisa. Simu zao zote nne hazipatikani, ambalo siyo ajabu, mtandao wa baharini ni wa bahati. Lakini tangu Hidaya watu wa pwani ile hawangojei mpaka usiku ndio waanze kuogopa. Saa kumi na moja ufukwe ulikuwa umejaa. Mke wa binamu alikuwa amekaa mchangani, mtoto mgongoni, hasemi na mtu.

Palikuwa na fiba moja ya mashine, na mafuta ya kwenda na kurudi mara moja. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Wote walijua kwamba wavulana walikwenda kuvua upande wa kusini. Kwa hiyo fiba iende kusini, si ndivyo? Vijana walishaanza kuisukuma.

Nikakimbia juu. Babu alikuwa ameshafika, peke yake, kwa fimbo. Nilimkuta anahangaika kuvaa mkanda. Nikamwekea, nikabonyeza.

Hapa lazima nikwambie kitu ambacho wauza darubini hawakwambii. Dunia imepinda. Mtu aliyesimama ufukweni haoni maji zaidi ya kilometa 5 hivi, hata umpe darubini ya mara 100, kwa sababu maji yenyewe yameshashuka nyuma ya mstari. Ukipanda mita 20 kama pale kwenye ukuta wa babu, upeo unasogea mpaka kilometa 16. Kupanda mlima kunakupa kile ambacho pesa haikupi. Ndiyo hivyo hivyo mwaka 1915 Waingereza walivyohangaika na ile manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Darubini walikuwa nazo, mizinga walikuwa nayo, ila walishindwa kuona walikopiga mpaka waliporusha ndege kutoka Mafia iwaelekeze. Julai 11 ndipo wakaimaliza.

Jua lilikuwa mgongoni kwetu, linaimulika bahari. Lakini lilikuwa linashuka. Na hii ya 18x50 ina udhaifu wake: gawa 50 kwa 18, mwanga unaokufikia jichoni ni wa upana wa milimita 2.8 tu. Ile ya mabaharia ya 7x50 inakupa 7. Maana yake magharibi ikiingia, hii ya milioni nne inakuwa kipofu kabla ya ile ya bei chee. Tulikuwa na kama saa moja.

Babu alianza kusini, akafagia polepole. Hakuna. Halafu akafanya kitu ambacho mimi nisingefanya: akaigeuza darubini kaskazini, mbali, nje ya mlango wa ghuba, upande ambao hakuna aliyekwenda kuvua.

"Hapo," akasema. "Shika."

Nikashika. Nilichokiona ni kijiti. Kijiti kimoja chembamba kinasimama na kuzama, kinasimama na kuzama. Nikasema, "Babu, hilo si gogo?"

Akainyakua. "Gogo lina mlingoti? Angalia, mlingoti umesimama, foromali haipo juu. Tanga liko chini majini. Foromali imevunjika hiyo. Hawawezi kubisha, kusi inawasukuma na mkondo unawavuta kaskazini." Akanyamaza. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko siku zote, kile kiwiko kinagonga jiwe, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Wako wanne. Mmoja anapiga kasia, mmoja anakumba maji. Wamefunga kitu cheupe juu."

Nilishuka ule mlima sijui kwa miguu gani. Fiba ilikuwa imeshaelea, mashine imewashwa. Nikapiga kelele, "Kaskazini! Babu kasema kaskazini!" Kijana mwenye mashine akanitazama kama mtu wa Dar anavyotazamwa. "Babu yupi? Yule anayetetemeka?"

Aliyejibu ni yule mama wa pweza. Alisema, "Nahodha." Neno moja tu. Fiba ikageuza.

Hatukuweza kuwaona kutoka ufukweni, kwa sababu nilizokwisha kukueleza. Nikawa kama simu: babu anasema juu, mimi nakimbia mpaka nusu ya kilima na kuita, mtoto anakimbia mpaka chini. "Amepita!" "Apinde zaidi!" "Amewaona!" Nadhani hilo la mwisho lilisikika mpaka Kilwa Masoko. Kisha darubini ikafifia, babu akaishusha, akasema haoni tena. Tukakaa gizani tunasikiliza. Mashine ilisikika baada ya isha, kwanza kama mbu.

Wote wanne. Mmoja alikuwa ametengukia bega. Binamu yangu alikuwa anatetemeka mwili mzima kwa baridi, na babu alipomshika mkono, sikuweza kujua ni nani anamtikisa mwenzake.

Asubuhi yake babu alitoka barazani. Bibi alimmiminia kahawa nusu kikombe, akakishika kwa mikono miwili, nyingine ikamwagika, hakuna aliyetazama. Jioni akina mama walianza kupanda kilimani mmoja mmoja, na sikusikia habari za mapaja tena. "Babu, niangalizie baba Zuhura." "Babu, mashua ya wajomba imeshapita mwamba?"

Sasa ndipo ulipo mgogoro wangu. Darubini si yangu, ni rehani. Nilipaswa kurudi Dar kesho yake, na nilipoufunga ule mfuko mweusi babu alitazama pembeni, kwa adabu. Nikaufungua nikauacha.

Wiki mbili baadaye mshkaji anapiga simu, sauti ya mtu mwenye mshiko. "Laki tano yako hii hapa kaka, kampuni imeniita, naondoka mwezi ujao. Naomba dude langu." Nikamwambia ukweli wote. Alinitukana matusi ya bandari tano. Nikamwambia basi, nenda kalichukue mwenyewe, nauli nitatoa mimi, mweleze babu kwamba ni lako. Nikajua huo ndio mwisho wa urafiki.

Akaenda kweli. Siku mbili kimya. Siku ya tatu ananipigia kutoka juu ya kilima, upepo unavuma kwenye simu, simsikii vizuri. Alikuwa anapiga kelele kwamba anamwona nyangumi. Mimi, niliyekwenda kwa ajili ya nyangumi, sikumwona hata mkia! Eti babu ndiye aliyemwonyesha, anaruka nje ya mlango wa ghuba na mtoto wake pembeni.

"Unarudi lini?" nikamwuliza.

"Kesho."

"Na dude?"

Upepo ukavuma kidogo. "Mzee ananambia kusi haijaisha," akasema. "Nimemwachia mpaka nirudi safari. Lakini wewe, kila mwezi utume betri. Nzuri, siyo zile za saa. Na bibi yako anasema saa yake haijatembea tangu ulipoondoka."

Kama una ndugu anayepanda basi la Lindi Jumamosi hii, nitakuwa pale Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kifurushi kidogo. Nauli ya soda ipo.